Nafasi Yangu kwenye Foleni ya Sukari

Miaka yangu yote ya kufundisha chekechea wazazi walinijia na swali lilelile, kila mmoja akilizungusha kivyake: mtoto wangu atajizuia lini? Ajizuie kulia, ajizuie kupiga wenzake, ajizuie kula cha mwenzake, ajizuie kukojoa kitandani. Niliwajibu vizuri kwa sababu nililipwa niwajibu vizuri, lakini moyoni nilikuwa nacheka. Mimi mwenyewe, mwalimu wao mwenye sauti kali na chaki mkononi, nilikuwa kikojozi mpaka nimekaribia kuingia darasa la kwanza. Tena si kikojozi tu. Nilikuwa mwizi wa sukari, mng'ata watu, na bingwa wa kujigaragaza chini. Kama yupo mtu pale Keko aliyewahi kudhani kwamba nitakuja kukabidhiwa watoto wa watu niwafundishe adabu, basi aliificha siri hiyo vizuri sana.

Tulikaa nyumba ya vyumba sita, korido katikati, uani choo na jiko la wote. Chumba chetu kilikuwa cha pili kulia ukiingia. Baba alikuwa seremala. Alifanya kazi kando ya barabara pamoja na mafundi wenzake waliotoka kusini kama yeye, na jioni alirudi na vumbi la mbao kwenye nyusi, nami nilipenda kulifuta kwa kidole gumba. Mama alikuwa mama. Sikuwahi kufikiri kwamba anaweza kuwa kitu kingine, au kuwa wa mtu mwingine. Tulilala kitanda kimoja watatu, mimi upande wa ukutani, mama katikati, baba pembeni, na usingizi ulikuwa haunijii mpaka niwe nimeshika sikio la kushoto la mama. Lile sikio nililihesabu kuwa langu, sawasawa na mkono wangu au goti langu.

Kisha tumbo la mama likaanza kukua. Hakuna aliyenieleza kitu. Siku hizo mtoto haelezwi mambo hayo. Niliambiwa mama ameshiba, nikaamini, nikawa namwonea wivu kwa chakula alichokula bila mimi. Baba naye akaanza kuniundia kitanda. Alikusanya vipande vya mbao za mninga vilivyobaki alipounda makabati ya wateja, akavipiga randa, akavipiga msasa, akaviunganisha vikawa kitanda kidogo ambacho nyumba nzima ilikuja kukitazama. Akakiweka mkabala na kitanda kikubwa, akaniambia, "Sasa wewe mtu mzima. Una kitanda chako." Nilikifurahia mchana kutwa. Nilipanda nikashuka, nikapanda nikashuka. Usiku nikalazwa juu yake peke yangu, nikanyoosha mkono kutafuta sikio, nikakuta ubao.

Asubuhi niliamka nimelowa chepechepe.

Godoro la sufi si mchezo. Likilowa linanywa mpaka ndani, na kulikausha kunataka jua la kutwa nzima. Jua liko uani, na uani ndiko wapangaji wote wanakopita kwenda chooni. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla mtu hajapiga mswaki, alishajua habari zangu. Katika chumba kilichotazamana na chetu alikaa mama mmoja muuza vitumbua, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, ambaye kufika saa hiyo alikuwa amekwisha kukaanga sinia zima. Alikuwa akipita na ndoo yake, anasimama mbele ya godoro langu, anatazama mbinguni.

"Jamani, kwani usiku mvua ilinyesha? Mbona chumba cha pili tu?"

Uani wote wanaangua kicheko. Mimi najigaragaza. Mama ananinyanyua, ananikung'uta, na yule mama anaendelea na safari yake ya chooni akiwa ameridhika kabisa. Nilimchukia kuliko mtu yeyote duniani, na wakati huo niliowajua duniani walifika kama thelathini.

Watoto wa mtaa walinizungusha mara moja, kama ilivyokuwa desturi. Kikojozi anavalishwa mkeka mgongoni, anapelekwa nyumba kwa nyumba huku akizomewa kwa nyimbo, na watu wazima wanatoka milangoni kucheka, maana ndiyo ilikuwa dawa yenyewe. Walifanya kwa nia njema. Nimewasamehe karibu wote. Lakini dawa ile haikunitibu, ilinifundisha kung'ata, na mtoto wa kwanza kuonja meno yangu ndiye aliyekuwa ameshika kamba ya mkeka.

Tumbo likapasuka, kwa jinsi nilivyoelewa mimi, na ndani alikuwamo mtoto wa kiume. Shangazi, dada mkubwa wa baba, akaja kutoka kijijini kusini kumhudumia mzazi siku zake arobaini. Alikuwa hajawahi kuishi mjini. Alishuka kwenye basi na kuku wawili, kilemba cheusi na sheria zake, na sheria ya kwanza iliniangukia mimi: kikojozi hapandi kitanda cha mzazi. Hata kukaa pembeni sikuruhusiwa. Baba alihamia kwa fundi mwenzake, shangazi akatandika mkeka sakafuni kando ya kitanda kikubwa, na mimi nikabaki kwenye mninga wangu nikitazama mgongo wa mama. Alikuwa amegeukia ukutani, upande wangu wa zamani, na upande ule alikuwa amelala yule mtoto.

Niseme wazi nilichotaka. Sikutaka kuacha kukojoa. Sikutaka kuwa mtoto mzuri. Nilitaka mama anirudishe, basi.

Ulikuwa ule wakati ambao vitu vilipotea madukani. Mwarabu wa kona yetu, ambaye duka lake alilirithi kwa baba yake, alibaki na majani ya chai, viberiti na heshima yake. Sukari, sabuni na unga vilikuja siku vikipenda kwenye duka la ushirika, na ukitaka kupata uwe na kadi iliyogongwa muhuri na balozi wa nyumba kumi, uwe na miguu ya kusimama, na uwe na bahati. Baba alikuwa ameweka akiba ya sukari mapema kwa ajili ya mzazi. Mzazi anakunywa uji wa moto wenye pilipili manga na sukari, asubuhi na jioni, ili apate nguvu na maziwa yashuke. Ile sukari ilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda kikubwa, na mkeka wa shangazi ukikunjwa asubuhi kopo lilikuwa linanitazama.

Nililowesha kidole, nikachovya, nikalamba. Kidole kimoja tu. Kesho yake kimoja tu. Siku mama alipokuwa ananyonyesha kwa muda mrefu, vilikuwa viwili. Sikuwa na njaa, na sukari yenyewe wala sikuifurahia sana. Nilikuwa nachukua changu. Sijui mtu mzima ataielewa vipi hesabu hiyo, lakini watoto wangu wa chekechea wangeielewa mara moja.

Siku moja shangazi alilifungua kopo akakuta yamebaki mabonge ya unyevu tu chini kabisa, yenye matundu madogo ya kidole. Nilijikunja nikisubiri kofi. Hakunipiga. Alitia chumvi kwenye uji, akampelekea mama, mama akanywa mafunda mawili akageuza uso. Mtoto alilia kutwa. Alilia na kesho yake, kilio chembamba kisicho na nguvu, akishika ziwa na kuliachia, akishika na kuliachia. Jioni shangazi akasema, macho yake yakiwa kwenye sufuria na si kwangu, "Maziwa hayatoki kwa chumvi."

Nikajua ni mimi. Nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani nilijua hivyo: kwamba kuna jambo limetokea huko nje, kwa watu wengine, na limetoka kwangu.

Siku ya tatu habari ikapita mtaani kwamba sukari imeshushwa. Shangazi alitoka adhana ya alfajiri ikisomwa, akaenda kuweka jiwe. Watu wote waliweka mawe. Unapanga jiwe lako kwenye mstari, au ndala, au kopo bovu, unarudi nyumbani kufanya kazi zako, na jiwe linakusimamia. Lakini wajanja walikuwa wamezidi, mtu mmoja anapanga mawe sita, na asubuhi hiyo muuzaji wa duka alitoka mlangoni akayapiga teke mawe yote moja baada ya jingine. "Leo sihudumii mawe!" akasema. "Nataka watu!"

Shangazi alikuwa na maji motoni. Lazima amkande mzazi kabla jua halijawa kali, na kazi hiyo hakuna mwingine wa kuifanya. Alikuwa amekwenda kulitazama jiwe lake; akarudi nyumbani mbio, akanishika mkono nikiwa bado natafuna muhogo wa asubuhi, nikiwa nimekwisha kunywa kikombe kizima cha chai ya rangi isiyo na sukari, akanipeleka nusu ananiburuta. Akanisimamisha palepale lilipokuwa jiwe lake. Akanifungia hela kwenye pindo la kanga niliyojifunga, akanipa kadi nishike mkononi.

"Simama hapa," akaniambia. "Usitoke. Ukiinua mguu tu, nafasi imekwenda, na mama yako harudi tena kunywa uji. Umesikia? Usimpishe mtu, hasa huyo." Akaonyesha kwa mdomo nyuma yangu.

Nikageuka. Nyuma yangu alikuwa mama wa vitumbua.

Basi nikasimama. Nilikuwa sijatimiza umri wa shule; tulipimwa kwa kupitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, na vidole vyangu vilikuwa bado havijagusa sikio la kushoto. Mbele yangu sikuona duka, niliona makalio na kanga. Mzee mmoja alipita akihakiki foleni, akauliza, "Hapa palipokuwa na jiwe kuna nani?" Hakuna aliyejibu. Akauliza tena. Nikasema, "Mie." Akanitazama kuanzia juu hadi chini, safari ambayo haikuwa ndefu, akasema, "Haya," akaendelea. Sikumbuki kabla ya siku hiyo kuulizwa swali na mtu mzima asiye wa kwetu na jibu langu likakubaliwa hivihivi.

King'ora cha kiwanda kule Chang'ombe kikalia, watu wa zamu wakaingia kazini. Foleni ilisogea hatua mbili ikasimama. Watoto wenzangu walikuwa wanacheza kwenye kivuli cha ukuta, wananiita. Akapita mtu wa barafu za rangi na sanduku lake la baiskeli. Mguu wangu mmoja ukatoka wenyewe. Niliuona ukitoka, naapa, kama mguu wa mtu mwingine, na hapo nikausemesha: "Simama, wewe." Ukarudi. Nikaendelea kusema, kwa sauti ya chini, midomo ikicheza: simama, usitoke, simama, mama atakunywa uji. Mwanzoni sauti niliyoisikia kichwani ilikuwa ya shangazi, kali na ya kijijini. Baadaye ikawa ya mama. Na kuna mahali fulani, jua likiwa limepanda, niligundua kwamba aliyekuwa ananiamrisha ni mimi.

Nimewaona watoto wakifanya hivyo miaka na miaka. Umemkataza mtoto asiguse keki ya sherehe mpaka wenzake wafike, naye anaizunguka akijikemea mwenyewe, "Usiguse! Nimesema usiguse!" huku kidole kikiwa tayari kimekaribia. Walimu wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, maana nilijua anayesema pale ndiyo kwanza anazaliwa.

Tatizo ni kwamba mguu unasikia ukisemeshwa. Ile chai ya rangi haikusikia.

Nilibana. Nikakunja miguu, nikasimama kwa vidole, nikatazama juu. Nikahesabu maua kwenye kanga ya mbele yangu mpaka kumi, nikarudia, kwa sababu baada ya kumi sikujua kinachofuata. Choo kilikuwa hatua chache tu nyuma ya duka. Lakini nyuma yangu alisimama yule adui, na vitumbua vyake vinataka sukari, kila mtu alijua hilo. Nikitoka tu atajaza pengo kwa ule mwili wake, na mtoto atalia mpaka afe, na itakuwa mimi tena. Nikabana. Nikamwomba Mungu. Nikasikia joto likishuka miguuni polepole, mpaka kwenye ndala, mpaka mchangani, na mchanga ukabadilika rangi mbele ya watu wote.

Sikusogea. Nililia bila sauti, nikingoja ile sauti ya nyuma itazame mbinguni na kuuliza habari za mvua.

Nilisikia mifupa ya magoti ikilia. Alikuwa anachuchumaa, na kwa mwili ule haikuwa kazi ndogo. Uso wake ukaja karibu na sikio langu, ukinuka iliki na mafuta ya kukaangia, na akaongea kwa sauti ambayo sikujua kama anayo.

"Mwanangu, si ungeniambia?"

"Shangazi kasema nikitoka nafasi inakwenda."

"Shangazi yako mgeni, haijui foleni ya hapa. Hapa mtu anamwambia wa nyuma yake, 'Nishikie nafasi,' anaenda zake, akirudi anaikuta. Sie wote ndivyo tunavyofanyaga. Huyu mama wa mbele yako si katoka mara mbili na karudi?"

Kweli, alikuwa ametoka mara mbili. Nilimwona kwa macho yangu. Lakini nilidhani ni kwa sababu yeye ni mkubwa. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kuwa hayupo mahali na mahali pale pakaendelea kuwa pake. Hakuna aliyewahi kuniambia, na nyumbani kwetu, kwa jinsi nilivyoona mambo yakienda, ilikuwa si kweli: nilihamishwa kutoka ukutani siku moja, na mwenzangu akapajaza.

Yule mama akavua kanga yake ya juu, akanizungushia kuanzia kifuani mpaka chini, akaifunga fundo begani. Akasukuma mchanga mkavu kwa mguu juu ya ule uliolowa. Kisha akajiinua kwa shida, akarudi kwenye nafasi yake nyuma yangu, na alipoona mwanamke mmoja kando anafungua mdomo, akamwambia, "Wewe tazama mbele." Mwanamke akatazama mbele.

Jua lilikuwa limefika utosini nilipoiona meza ya duka. Muuzaji alikuwa kijana mwenye kalamu sikioni, amechoka, shati limemganda mgongoni. Nikainua kadi. Hakuiona, au aliiona akaona ni heri asiione.

"Watoto sihudumii. Sogea pembeni. Anayefuata!"

Anayefuata alikuwa mama wa vitumbua. Angeweza kunyoosha mkono tu na kadi yake. Hakuunyoosha.

"Ndugu, huyu yuko mbele yangu," akasema.

"Mama, nimesema nataka watu."

"Na huyu nini? Kasimama hapa tangu asubuhi hajainua mguu. Kadi anayo, hela anayo. Yuko mbele yangu."

Kijana akainama ndani ya gunia, akalikung'uta, akainuka. Akaongea kwa sauti ya chini, kama anayemfanyia hisani. "Mama, imebaki ya mtu mmoja. Nikimpimia yeye, wewe unakosa. Na sijui itakuja tena lini."

Nikainua uso kumtazama. Ningependa kuandika kwamba alitabasamu, lakini hakutabasamu. Alikunja uso, akavuta pumzi ndefu puani, na macho yake yakaenda mbali, nadhani kwenye sinia lake na kwenye karai lililopoa. Alikuwa amekasirika. Alikuwa na kila haki ya kukasirika.

"Nimekusikia," akasema. "Mpimie."

Nilikabidhiwa sukari kwenye mfuko wa karatasi ya kaki uliokunjwa juu. Ilikuwa nzito kuliko nilivyotegemea, na joto. Yule mama aliniambia neno moja tu, "Mikono miwili," akatangulia kwa hatua ndefu bila kugeuka, kanga moja mwilini. Nilimfuata nyuma njia nzima. Mfuko ulikuwa na tundu dogo kwenye pembe na chembe zilikuwa zinanimwagikia kiganjani, nikiwaza zile chembe, nikiwaza kidole changu, nikijisemesha. Nilifika mlangoni na kiganja kilichojaa sukari, sikukilamba. Nilizirudisha zote mfukoni mbele ya shangazi.

Shangazi aliipokea sukari kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaishika ile kanga ya mtu iliyonifunika. Akainusa. Uso wake ukabadilika. "Umekojoa tena! Mbele za watu! Umetutia aibu mtaa mzima!"

Nilizoea, ikifika hapo, kujitupa chini. Mwili ulishajiandaa. Nikabaki wima. Hata mimi nilishangaa.

"Nilikojoa," nikasema. "Lakini sikutoka."

Shangazi akaiachia ile kanga. Kisha mama akaniita kutoka ndani.

Nilisimama mlangoni mwa chumba kwa sababu ya ile sheria. Mama alikuwa ameegemea mto, uso umemkauka, mtoto mapajani. Akasema njoo. Nikafika katikati ya chumba. Akasema njoo hapa, akapiga godoro kwa kiganja. Shangazi nyuma yangu akaanza, "Wifi, huyo kalowa..." Mama akamwambia, bila ukali, "Wifi, naomba uniwekee uji motoni." Shangazi akaenda.

Nikapanda. Nilimweleza yote, la kopo kwanza, kwa sababu lilikuwa la kwanza kutokea. Alisikiliza. Nilipofika kwenye gunia lililokung'utwa aliniuliza, "Kwa hiyo mwenzetu karudi mikono mitupu?" Nikasema ndiyo. Akamwagiza shangazi alete bakuli, akamimina sukari nusu kwa jicho, akafunika kwa kisahani, akaniwekea mikononi.

"Mpelekee. Na kanga yake umwambie tutaifua. Halafu urudi hapa."

Sikutikisika. Ndiyo kwanza nimepanda kile kitanda. Nilikuwa nimekaa ukutani, mgongo wangu umegusa chokaa ya baridi niliyoikosa kwa siku zile zote, na mtoto alikuwa pale pale mapajani, akingoja tu. Nilimtazama mtoto. Nikamtazama mama. Machozi yakaanza kuja, na safari hii sikujua niyaambie nini.

"Mama," nikasema. "Nishikie nafasi."

Alikuwa mtu wa foleni naye, alizisimamia nyingi kabla ya kuwa mzazi. Sikuhitaji kumfafanulia. Alimhamishia mtoto upande wa nje, akatoa mkono, akauweka kiganja wazi pale nilipokuwa nimekaa.

"Nenda," akasema. "Nimekushikia."

Nilivuka korido na bakuli, nikabisha, nikasema shikamoo, nikasema maneno niliyotumwa. Yule mama alipokea, akafunua kisahani, akakifunika tena, akafungua mdomo kuniambia kitu. Sikungoja kukisikia. Nilirudi mbio. Mtoto alikuwa ameanza kulia tena, na mama alikuwa anambembeleza kwa mkono mmoja, kwa taabu, akiwa amejipinda. Ule mwingine alikuwa hajauondoa.